Mkanda Huishi kwa Kununuliwa

Hotuba kwa wapiga picha vijana, Mombasa

Mwenyekiti, wazee wangu mliotangulia katika kazi hii, vijana wetu, mabibi na mabwana, hamjambo.

Mwaliko nilioletewa unasema nizungumzie kifo cha mkanda wa nyeusi na nyeupe. Nilipousoma nilijiona kama mtu aliyeitwa matangani ilhali marehemu amepishana naye Marikiti asubuhi ileile. Mkanda haujafa. Unatengenezwa Uingereza, unatengenezwa Marekani, unatengenezwa Jamhuri ya Czech, na wako Wajerumani na Waitaliano wanaoutengeneza kwa kiasi kidogo. Kilichoondoka ni ule wingi wake, na ile raha ya kuingia duka lolote la picha ukasema "nipe Tri-X mbili", ule mkanda wa Kodak wa nyeusi na nyeupe, ukapewa kabla hujamaliza kusema.

Basi sitaomboleza. Nimekuja na neno moja, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo: mkanda hauokolewi na wanaoulilia, unaokolewa na mtu anayenunua miwili kila mwezi, akaipiga, akaisafisha, akarudi dukani.

Tuanzie kiwandani, kwa sababu wengi wetu tumepiga picha miaka na miaka bila kujua tulichokuwa tukikitia ndani ya kamera. Madini ya fedha huyeyushwa kwa asidi ya nitriki. Inayopatikana ni nitrati ya fedha, nayo huchanganywa na bromidi ya potasiamu ndani ya gelatini yenye joto, gelatini itokayo kwenye mifupa na ngozi za ng'ombe. Hapo huzaliwa chembe za bromidi ya fedha, ndogo mno kuonekana kwa macho. Mwanga ukizigusa, alama inabaki ndani yake, haionekani, mpaka dawa ije kuifichua. Chembe zikiachwa zikue, mkanda unakuwa na kasi lakini picha inakuwa na chengachenga. Zikizuiwa, mkanda unakuwa wa polepole na picha inakuwa laini. Huo uji ndio unaopakwa juu ya utando wa plastiki wenye upana unaozidi mita moja, kwa tabaka jembamba kuliko unywele, na yote hayo hufanyika gizani. Waliomo humo hufanya kazi kwa kupapasa na kwa mazoea.

Sasa sikilizeni shida ilipo. Mtambo wa kupaka haukutengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi. Mkubwa kabisa uliojengwa Rochester, makao ya Kodak, ulijengwa kwa ajili ya sinema. Filamu moja ya sinema ilihitaji nakala mamia, pengine maelfu, zisambazwe katika majumba ya sinema ulimwenguni, na kila nakala ilikuwa na maelfu ya mita za mkanda. Sisi wa kamera za shingoni tulikuwa tukinufaika na plastiki, mitambo na mafundi waliokuwa wakilipwa na wengine. Majumba ya sinema yalipobadilisha projekta zao kuwa za dijitali, katika miaka ya kukaribia na kupita 2010 kidogo, shehena ile ikatoweka. Fujifilm wakaacha kutengeneza mkanda wa sinema mwaka 2013. Mtambo unaopaka kilomita kwa kilomita hauwezi kuambiwa leo upake kidogo. Ukiuwasha, umetumia. Ndiyo sababu mkanda haukupungua taratibu kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Ulikuwa upo leo, kesho barua inatoka kwamba haupo.

Na msidhani Kodak hawakuuona ujio wa dijitali. Kamera ya kwanza ya dijitali aliiunda mhandisi wao wenyewe, Steven Sasson, mwaka 1975. Walichokosa si habari.

Barua hizo zilikuja kwa mfululizo. Agosti 2004 Ilford, jina kubwa kuliko yote katika nyeusi na nyeupe, ikawekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa na madeni. Mwaka uliofuata AgfaPhoto ya Ujerumani ikafilisika, na mwaka huohuo Kodak wakatangaza kwamba hawatengenezi tena karatasi ya picha ya nyeusi na nyeupe. Mkanda wangeendelea nao, karatasi basi. Mwaka 2007 kiwanda cha Forte kule Vác, Hungaria, kikafungwa. Mwaka 2011 Kodak wakaufuta mkanda wao wa Plus-X. Mwaka 2012 mitambo chakavu ya Fotokemika kule Samobor, Kroatia, ikashindwa, na mikanda ya Efke ikaisha pamoja nayo. Januari mwaka huohuo wa 2012 Kodak wenyewe walikimbilia mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai.

Niwaambie zaidi habari za Ilford, kwa sababu humo ndimo mna somo.

Ilford ilianzishwa na Alfred Harman mwaka 1879, akitengeneza vioo vya kupigia picha katika mji wa Ilford, nje kidogo ya London. Kufikia 2004 kiwanda kilikuwa Mobberley, katika jimbo la Cheshire, na hesabu zake zilikuwa zimelala. Mtu wa kawaida angesema nyeusi na nyeupe imekwisha. Mameneja sita wa hapohapo kiwandani walizisoma hesabu zilezile kwa jicho lingine. Waliona kwamba wateja wamepungua, ndiyo, lakini waliobaki si wapita njia. Ni watu wanaonunua mkanda uleule, karatasi ileile, mwaka baada ya mwaka. Mwanzoni mwa 2005 wakakinunua kiwanda, wakakipa jina la yule mwanzilishi, Harman, wakaendelea kutengeneza mikanda ya HP5, FP4 na Delta, pamoja na karatasi. Mwaka 2007 wakaichukua na Kentmere, kampuni nyingine ya Uingereza ya karatasi za picha. Leo, zaidi ya miaka 20 baadaye, kiwanda kile kingali kinapaka.

Hapo ndipo nasema: hawakuokolewa na barua za mapenzi. Barua zilikuwapo, wapiga picha wa Ulaya wana ufundi mkubwa wa kuandika barua. Waliokolewa na oda inayojirudia. Meneja wa kiwanda hawezi kumpangia kazi mtu anayempenda. Anampangia kazi mtu atakayenunua Machi, na Aprili, na Mei.

Hadithi ya pili ni ya Fujifilm, nayo inaonyesha upande wa pili. Walikuwa na Neopan Acros 100, mkanda wa upole na usafi wa ajabu, hodari kwa picha za usiku. Aprili 2018 wakatangaza kuwa wanaufunga. Mnajua kilichotokea? Watu waliokuwa hawajanunua Acros kwa miaka mitano wakaamka usingizini, wakakimbilia madukani, wakajaza friza zao. Kwenye minada bei ikapaa. Lakini fedha zile zilifika Fujifilm mara moja tu, na zilifika wakati uamuzi umeshatoka. Mwaka 2019 Fujifilm wakaurudisha, Acros 100 II, na pakiti yake imeandikwa kwamba umetengenezwa Uingereza. Kodak nao walikuwa wameurudisha mkanda wao wa T-Max P3200 mwaka 2018, baada ya kuufuta 2012. Kwa hiyo tangazo la kufungwa si lazima liwe mwisho, na waliojaza friza kwa bei ya kuruka baadaye walikuwa na mkanda wa zamani huku mpya ukiwa dukani.

Mimi si rafiki wa friza. Najua humu ndani wako wenye visanduku vimejaa na wanajisifu. Friza hupunguza kasi ya kuzeeka, haiiondoi. Mkanda wa kasi kubwa, wa 3200, hushika ukungu, yaani kijivu kisichotakiwa, hata katika baridi, kwa sababu mionzi ya asili haizuiwi na mlango wa friza. Na hapa Mombasa umeme ukipotea siku mbili, samaki wako na Tri-X wako wanayeyuka pamoja. Weka ya miezi sita, kwenye jokofu la kawaida, ndani ya chombo kilichofungwa vizuri. Ukiutoa, uache saa kadhaa bila kuufungua, upate joto la chumba, usije ukalowa jasho. Zaidi ya hapo unahifadhi wasiwasi wako.

Sasa nirudi nyumbani kidogo, maana mazungumzo haya yakifanyika Ulaya husemwa kana kwamba dijitali ndiyo iliyoiua nyeusi na nyeupe. Kwetu sisi ilipigwa kabla. Ilipigwa na rangi. Katika miaka ya 1980 mashine za kusafisha picha za rangi kwa haraka zilienea mijini, na mteja aliyekuwa akisubiri siku tatu akaanza kupata picha za harusi zikiwa na wekundu wa hina na kijani cha khanga. Nani angebaki kwenye kijivu? Mwenye studio aliyekuwa akisafisha na kuchapa kwa mikono yake akawa mtu wa kupeleka mkanda kwenye maabara na kurudi na bahasha. Chumba cha giza kikawa stoo.

Waliofanya kazi kabla ya hapo walituachia nini? Hapa Mombasa Parekh, katika studio yake, aliwapanga watu chini ya taa kwa uangalifu ambao hadi leo ukiziona picha zake unajua kila kivuli kiliwekwa, hakikuangukia tu. Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, aliyekuwa akiunganisha negativu zaidi ya moja, yaani mikanda iliyokwisha kusafishwa ambayo picha huchapwa kutokana nayo, katika picha moja, kwa mikono, katika chumba chake cha giza, miaka mingi kabla hamjaijua kompyuta. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha za Zanzibar ya zamani ambazo wageni wananunua leo Mji Mkongwe nyingi zimetoka kwenye negativu za studio ile. Mbali zaidi, Bamako nchini Mali, Malick Sidibé alifungua studio mwaka 1962. Rangi ilipofika akawa anajulikana mtaani kama fundi wa kutengeneza kamera. Negativu zake za nyeusi na nyeupe alizihifadhi katika masanduku, mwaka kwa mwaka. Mwaka 2007 maonyesho ya Venice yakampa tuzo ya Simba wa Dhahabu. Za rangi za miaka ileile, kwa wenzake wengi, zimeshageuka wekundu mtupu.

Kwa hiyo wanaoniuliza kwa nini nishikilie nyeusi na nyeupe wakati simu yangu inapiga rangi kamili, jibu langu la kwanza si la sanaa. Madini ya fedha yaliyomo kwenye picha, yakikazwa vizuri kwa dawa na kuoshwa vizuri, hayafifii kama rangi. Na harusi za Jumamosi, kabla hamjaniuliza, napiga kwa dijitali. Sina ugomvi na mkate wangu.

Wapiga picha wakubwa walilishughulikiaje jambo hili? Nitamtaja mmoja tu, Sebastião Salgado, aliyefariki Mei 2025. Sisi wa Afrika Mashariki tunamjua kwa sababu alikuwapo Benako, wilaya ya Ngara, mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka kuingia Tanzania, na picha zile ni za Tri-X. Kilichomtoa kwenye mkanda hakikuwa kukosekana kwa mkanda wenyewe. Ni viwanja vya ndege. Baada ya 2001 mizigo ilipitishwa kwenye mashine za eksirei mara nyingi zaidi, na mtu anayesafiri na mamia ya mikanda kupitia viwanja vitano sita hurudi na kijivu kilichochafuka. Mwaka 2008 akahamia dijitali. Lakini kilichonivutia ni alichofanya baadaye: mafaili yale yalifanyiwa kazi yafanane na chengachenga za Tri-X, kisha maabara ikayageuza kuwa negativu halisi za mkanda, na negativu zikachapwa kwenye karatasi ya picha yenye madini ya fedha. Wako waliomwita msaliti. Mimi naona alijua anachokitaka ni kipi hasa, ile picha ya mwisho mkononi, akaacha vingine vyote vijadiliwe. Ila tusijidanganye, njia ile ni ya mwenye maabara Paris. Sisi tutafute yetu.

Na kwa kuwa nimetaja viwanja vya ndege: mikanda mingi hapa huletwa na shangazi anayetoka London au rafiki anayepitia Dubai. Mwambieni asiitie kamwe kwenye begi la kupakiwa ndegeni. Aibebe mkononi, katika mfuko unaoonekana ndani, na aombe ikaguliwe kwa mkono. Zile mashine mpya za CT za kukagulia mizigo ya mkononi ni mbaya kuliko za zamani. Watengenezaji wenyewe wameonya.

Njia yetu, kwa maoni yangu, huanza kwa kuchagua mkanda mmoja. Najua vijana mnapenda kuonja: wiki hii Foma, wiki ijayo Kentmere, wiki ya tatu kitu chenye picha ya mbweha kwenye pakiti. Kuonja hakukatazwi. Lakini fikirieni picha ya kawaida kabisa ya hapa: bwana na kanzu nyeupe, bibi na buibui jeusi, wamesimama uani saa tano mchana, na ngozi za watu hao wawili ndizo ulizolipiwa uzipige. Hakuna picha ngumu kuliko hiyo katika kazi yetu. Ukipima kwa wastani, kamera inaona kanzu, inapunguza mwanga, nyuso zinazama. Unatakiwa upime kivuli, uupe mkanda mwanga zaidi, tuseme mara mbili, ili buibui liwe na mikunjo na uso uwe na uhai. Halafu upunguze muda wa kusafisha, kama moja ya tano, ili kanzu isilipuke. Kiasi gani hasa? Hapo hakuna kitabu kitakachokujibu, kwa sababu kila mkanda una tabia yake na maji yako yana joto lake. Utajua ukishausafisha mkanda uleule mpaka mkono uuzoee.

Na hilo ndilo lililowatesa wapiga picha mikanda yao ilipofutwa. Hawakupoteza pakiti, walipoteza ujuzi uliofungwa na pakiti ile. Aliyetoka Acros akaenda Fomapan, mkanda wa kiwanda cha Foma cha Jamhuri ya Czech, kwa picha za usiku alishtuka. Acros ulivumilia dakika mbili za kufungua shata bila kudai nyongeza. Fomapan 100, kwa karatasi ya maelezo ya kiwanda chenyewe, ukipima sekunde 1 unaupa 2, ukipima 10 unaupa 80. Si mkanda mbaya. Foma wako Hradec Králové tangu 1921 na wamewapita wengi waliokuwa wakubwa kuliko wao, na kwa mfuko wa kijana anayeanza ndio mkanda ninaoupendekeza. Lakini ule wa kasi ya 400 utendeeni kama wa 200 au 250, yaani upeni mwanga zaidi, vivuli vitawashukuru. Na ukihamia mkanda mwingine, toa mikanda miwili ya kwanza sadaka: piga jambo lilelile kwa vipimo tofauti, andika, linganisha. Anayeanza mkanda mpya siku ya harusi ya mtu anajitafutia balaa.

Dawa. Hapa ndipo penye uhuru wetu, na ndipo tulipozembea. Kusafisha mkanda wa rangi kunataka joto lisiloyumba na dawa ambazo huwezi kuzichanganya jikoni. Nyeusi na nyeupe haina makuu hayo. D-76 ya Kodak, dawa iliyosafisha mikanda mingi pengine kuliko zote duniani, fomula yake imechapishwa tangu miaka ya 1920: metoli gramu 2, salfaiti ya sodiamu gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2, maji mpaka lita moja. Basi. Kodak hata wakifunga milango kesho, D-76 haifungwi. Agfa walipoanguka, Rodinal, dawa yenye hati ya uvumbuzi ya 1891, haikupotea nao. Adox wa Ujerumani wanaitengeneza. Viwanda hufa, fomula hukaa kwa anayezijua.

Tena ipo ile ya kahawa. Mwaka 1995 mwalimu wa chuo kimoja cha Rochester, Scott Williams, na wanafunzi wake walionyesha kwamba kahawa ya kuyeyuka na magadi vinaweza kusafisha picha. Baadaye watu wakaongeza vitamini C ikafanya kazi vizuri zaidi. Mapishi yanayotumiwa sana ni haya: kwa lita moja ya maji, sodiamu kaboneti kavu gramu 54, vitamini C gramu 16, kahawa ya kuyeyuka gramu 40, dakika 15 kwa nyuzi 20. Inanuka vibaya, nawaambia mapema, wenye nyumba za kupanga watalalamika. Lakini tazameni orodha ile. Kahawa, tena kahawa ya bei rahisi ya robusta ndiyo bora, na robusta iko Bukoba na Uganda. Kaboneti, tuna Ziwa Magadi hapa Kenya, ambako inachimbwa kibiashara zaidi ya miaka 100. Vitamini C iko duka la dawa, ila tafuteni unga mtupu, si vidonge vitamu vya machungwa.

Tahadhari moja: magadi ya kuivishia maharagwe si kaboneti tupu, ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti, na nguvu yake haitoshi. Yakaangwe kwanza kwenye sufuria kavu, moto wa kutosha, mpaka yatoe mvuke na gesi na kuwa unga mweupe mkavu. Hapo ndipo yanakuwa kaboneti. Yayeyusheni, yachujeni kwa kitambaa, kwa sababu mna mchanga. Na jaribuni kwa mkanda wa mazoezi, si kwa picha za mtu.

Dawa ya kukazia, ile inayoondoa chembe ambazo hazikuguswa na mwanga, haina njia ya mkato. Chumvi haifanyi kazi ile kwa uhakika, hata mkisoma kwamba inafanya. Nunueni thiosalfeti, ni rahisi na haichezi.

Maji ya mfereji, au ya mtungi kwa sisi tunaonunua kwa mkokoteni, hapa pwani yana nyuzi 27, 28, hata 30. Vitabu vyote vimeandikwa kwa nyuzi 20. Kwa joto letu muda unafupika mpaka dakika tatu nne, na chini ya dakika tano mkanda hausafishiki sawasawa, unatoka na mawimbi. Wazee walitumia barafu, na bado ni njia nzuri: tia chupa ya dawa ndani ya beseni la maji ya barafu, usitie barafu ndani ya dawa. Au zimua dawa, sehemu moja ya dawa kwa sehemu moja ya maji, ufanye kazi kwa nyuzi 24 na muda mrefu wa kutosha. Muhimu zaidi, dawa zote na maji ya kuoshea yawe joto moja. Kuoshea nako hakuhitaji mfereji ufunguliwe nusu saa. Ilford wana utaratibu wa kujaza tangi, kuligeuza mara 5, kumwaga. Kujaza, mara 10, kumwaga. Kujaza, mara 20, kumwaga. Maji ya tangi tatu yanatosha. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua au maji safi ya kuongezea betri, si asidi yake, kwa sababu maji ya visima vyetu yana chumvi na yataacha madoa meupe ambayo hayatoki.

Negativu nitazisemea kidogo, saa inakimbia. Wengi wenu mna mzee nyumbani, au jirani, aliyekuwa na studio. Ulizeni masanduku yako wapi. Unyevu wa pwani huotesha kuvu juu ya gelatini, na mikanda ya asetati ikianza kunuka siki ujue inaoza na itaambukiza ya jirani yake. Itengeni. Iliyobaki iwekwe kwenye bahasha za karatasi, si plastiki ya duka, mahali pakavu penye hewa, juu, si sakafuni. Zipigeni nakala za dijitali, lakini msizitupe baada ya hapo, kama nilivyoona zikitupwa.

Namaliza kwa jambo la kazi. Mkanda ukinunuliwa mmojammoja hapa ni ghali, na muuzaji hauagizi kwa sababu hajui kama utatoka. Lakini HP5 na Fomapan huuzwa pia kwa roli la mita 30.5, na roli moja hutoa mikanda 18 ya picha 36, ukiwa na kasha la kupakilia na vikopo vya zamani. Nimezungumza na muuzaji mmoja mjini. Anasema akiwa na oda ya maroli manne kila miezi mitatu, si mara moja, kila miezi mitatu, ataleta na bei atashusha. Watu sita wakishiriki roli moja, kila mmoja anapata mikanda mitatu. Kwa hiyo tunahitaji watu 24 watakaolipa mwaka mzima, hata mwezi ambao hawana safari. Daftari liko kwa katibu pale mlangoni. Vikopo nimeleta, na kasha la kupakilia lipo; nani anataka kujifunza kupakia, mwanga utazimwa baada ya maswali.